Picha ya Mwezi wa Sita

Kipaza sauti kiliita nambari themanini na nne mara tatu, na mwenye nambari hiyo alikuwa amekaa safu ya pili, mkoba mapajani, akitazama midomo ya watu.

Ukumbi wa ofisi ya vitambulisho ulikuwa umefurika. Watoto wanalia, viti vya chuma vinakwaruza sakafu, feni ya juu inazunguka kwa kelele bila kumpoza mtu. Kwake yeye vyote hivyo viliingia sikioni vikiwa kitu kimoja, kama redio iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji. Alivaa gauni la zambarau alilolishona mwenyewe, limembana kiunoni na kuachia chini, na nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari myembamba inayokwenda nyuma. Nyuma ya sikio la kulia alikuwa na kifaa cheusi chenye waya mfupi, na waya ule ulipanda hadi kwenye kidude cha duara kilichonata kichwani kwa sumaku, ukubwa wa kifungo cha koti.

Mwanamume wa safu ya nyuma alikiona kidude, kisha akaiona karatasi yenye nambari. Aliinuka, akazunguka mpaka mbele yake, akainama ili uso wake uonekane.

"Dada, samahani. Nambari yako imeitwa mara tatu. Wakiita tena wanakuruka, wanakuja kwangu mimi."

"Umeijuaje nambari yangu?"

"Umeishika tangu saa mbili asubuhi. Mpaka nimeikariri."

"Kumbe ulikuwa unaniangalia."

"Nilikuwa naangalia karatasi. Mkono ulikuwa njiani tu."

Dada alicheka, akaenda dirishani. Karani aliyekuwa nyuma ya kioo alizungumza huku kichwa kimezama kwenye makaratasi, na dada wa watu akabaki amesimama, hajui ameulizwa nini. Yule mwanamume akasogea pembeni ya kioo, akawa anarudia maneno ya karani kwa midomo, bila sauti. Jina la mama. Tarehe ya kuzaliwa. Weka kidole hapa.

Walipotoka nje, dada alisimama kwenye ngazi.

"Wengi wakiona hiki kidude hunipigia kelele kama niko ng'ambo ya mto. Wewe nani alikufundisha?"

"Ni kazi yangu. Napiga picha za ubongo. Naangalia kichwa kinafanya nini mtu anaposikia."

"Haya! Maneno ya kutongozea yamewaishia, sasa mmehamia kwenye ubongo?"

"Kweli tupu."

"Na shati lako umelipiga pasi mbele tu. Mgongoni limekunjamana kama uso wa mtu anayelamba ndimu."

"Nilijua nitakaa viti vya nyuma, wa kuona mgongo asiwepo."

"Ukaja kusimama mbele yangu, kaka. Mgongo nimeuona."

Waliachana wakicheka, bila kupeana namba ya simu, na kila mmoja alijilaumu njia nzima.

Siku nne baadaye dada huyo alipanda ghorofa ya tatu ya hospitali kuu, akagonga mlango wa maabara aliyoelekezwa na daktari wake. Aliyefungua alikuwa yuleyule, na safari hii shati lilikuwa limenyooka pande zote.

Hospitalini walimwita Kofia, kwa sababu ya mtambo aliokuwa akiuendesha. Dada naye, huko sokoni alikokuwa na chumba cha kushonea pamoja na mama yake, hakuna aliyemwita jina lake, walimwita Fundi. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Mwaka uliotangulia alipata homa ya uti wa mgongo, akalala siku tisa bila kujijua, na alipoamka aliona mama yake anafungua mdomo na kufunga, hakuna kinachotoka. Daktari wa masikio aliwaandikia kwenye karatasi kwamba ugonjwa ule huacha mfupa ukiota ndani ya sikio, pale mahali padogo palipojikunja kama gamba la konokono, na mfupa ukishajaa, basi tena. Sikio la kushoto lilikuwa tayari limeziba. La kulia waliliwahi. Walipitisha humo waya mwembamba kuliko uzi wa nailoni, wa kupeleka sauti kwenye mshipa kwa umeme, na sasa ilikuwa imepita miezi mitatu tangu wauwashe.

"Kwa nini msinitie kwenye ile mashine kubwa kama bomba?" Fundi aliuliza akikaa kwenye kiti.

"Ile ni sumaku tupu. Ingekung'oa hicho kidude na ngozi yake. Sisi tunatumia mwanga." Akamwonyesha kofia nyeusi ya mpira yenye vitundu arobaini, na kila kitundu kina kijitaa chekundu. "Taa hizi zinapenya fuvu kidogo. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu inakimbilia pale, na mwanga unarudi umebadilika. Kompyuta inachora ramani."

"Unapenya kichwa changu? Muulize mama, kichwa changu kigumu."

"Nimepenya vigumu zaidi. Shida ni nywele. Itabidi ufumue."

Alifumua. Kofia alichukua kitana chenye mkia mwembamba, akaanza kuzitenganisha nywele chini ya kila kitundu mpaka ngozi ionekane, kimoja baada ya kingine, vyote arobaini. Ilichukua muda mrefu kuliko kipimo chenyewe. Fundi alifumba macho. Hakuna mwanamume aliyewahi kuzishika nywele zake hivyo, kwa subira kama anayetafuta kitu chake kilichopotea, na yeye hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Nikikuumiza sema."

"Huniumizi."

"Mbona umekunja uso?"

"Nazuia kucheka. Unanitekenya."

Kiongozi wa utafiti alikuwa Profesa, mama wa miaka sitini mwenye viatu bapa na miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Siku ile alitazama ramani kwenye skrini kwa muda mrefu. Fundi alipoonyeshwa midomo ya msemaji, ubongo wake uliwaka mwekundu upande mzima. Alipowekewa sauti peke yake, sehemu ya kusikia ilibaki kijivu.

"Anasikia kwa macho," Profesa alisema. "Bado mapema. Mwezi wa sita tangu kuwashwa tutapima tena. Picha ikiwa hivi na alama za kurudia maneno anayosikia zikiwa chini, apelekwe eksirei siku hiyohiyo tuone waya umekaaje. Kwa mtu aliyeugua kama huyu hatuna muda wa kupoteza, mwanangu."

"Ndiyo, Profesa."

Kulikuwa na fomu ukutani iliyosema mfanyakazi hatakuwa na uhusiano wa kimapenzi na mshiriki wa utafiti. Kofia alikuwa ameitia sahihi mwenyewe. Alijikaza wiki mbili. Wiki ya tatu alikwenda sokoni na suruali ambayo haikuwa na tatizo lolote, akaomba ifupishwe.

"Hii suruali inakutosha," Fundi alisema, futi shingoni.

"Naona inaburuza."

"Inaburuza wapi? Niambie ukweli, kaka, umefuata suruali?"

"Nimefuata fundi."

Damu zao zilipatana, na hapakuwa na wa kuzitenganisha. Kila mchana Kofia alikuja na chakula kwenye makopo mawili, akakaa juu ya marobota ya vitambaa katikati ya harufu ya satini mpya na mafuta ya cherehani. Mama mtu alijifanya hajui kitu mpaka siku moja aliposema, "Mkwe, sogeza miguu nifagie," na wote watatu wakaangua kicheko.

Fundi alikuwa na hamu moja, kuzungumza kwenye simu kama watu wengine. Kofia alikuwa akitoka nje, akisimama nyuma ya duka la vyombo na kumpigia.

"Haloo, mrembo wangu."

"Umesema mrembo au mgonjwa?"

"Mrembo! Nakupenda."

"Umepanda? Umepanda nini?"

"Nimepanda ngazi, nimefika, fungua mlango!" Kofia alipiga kelele, na wauza vyombo wakamzomea kwa furaha.

Ili kumsaidia, alianza kumrekodia sentensi na kumtumia kwenye simu, ishirini kila wiki, azisikilize huku akisoma, kisha azisikilize bila kusoma. Alizitunga mwenyewe. Wiki moja mafua yalimbana, kichwa kizito, hana neno jipya. Akafungua droo ya maabara, akatoa orodha ya saba na ya nane za vipimo vya zamani, ambazo zilikuwa hazitumiki tena, akazisoma zote. Sentensi arobaini. Fundi alizisikiliza asubuhi na mchana akishona, siku hadi siku, mpaka cherehani ikawa inakimbia kwa mapigo yake. *Kaka yake amenunua viatu vipya. Mlango wa duka umefungwa. Tafadhali nipe maji ya baridi.*

Mwezi wa sita ulifika. Fundi alizifumua nywele siku mbili kabla, akaziosha, akazichana vizuri. Kofia alizitenganisha kitundu kwa kitundu, na kila kijitaa kiligusa ngozi. Mama alikuwa nyuma ya kioo na mtandio wake mzuri, mikono kifuani.

Spika ilizungumza kwa sauti ya mwanamke. Fundi hakusikia maneno. Alisikia mapigo, mafupi na marefu, na mwisho unaopanda. Aliujua urefu ule kama anavyojua mkono wa gauni kwa kuushika tu.

"Kaka yake amenunua viatu vipya," alisema.

Nyuma ya kioo mama alifumba mdomo kwa viganja.

Kwenye meza yake Kofia aligeuza ukurasa wa kwanza, akazitambua sentensi. Profesa alikuwa amerudisha orodha za zamani, ili alama zilinganishwe na za wagonjwa wa miaka iliyopita. Ya saba na ya nane. Angeweza kuinua mkono. Aliona mama analia kwa furaha, aliona Profesa amevaa miwani na kusogea karibu, akashusha macho kwenye ukurasa. Sentensi baada ya sentensi, Fundi alijibu. Alama themanini na sita kwa mia.

Mchana Profesa alimwita Kofia mbele ya skrini.

"Sielewi. Alama hizi ni za mtu anayesikia. Lakini angalia picha. Sehemu ya kusikia imekufa kimya, kama mwezi wa tatu. Huku mbele, mahali pa kukumbuka, kunawaka kama jiko." Akavua miwani. "Kofia ilikaa vizuri?"

Kofia alitazama ramani. Yeye peke yake kwenye jengo lile ndiye aliyejua kwamba picha inasema kweli. Akisema, atafukuzwa, na Fundi ataitwa mwongo mbele ya mama yake. Wiki moja tu, alijiambia, nitafute namna.

"Nadhani nywele zilizuia mwanga, Profesa. Ana nywele nyingi sana."

"Basi tuamini alama," Profesa alisema, na sauti yake ilikuwa na raha ya mtu aliyesubiri habari njema miaka mingi. "Eksirei haina haja."

Wiki ikawa mwezi. Kofia aliacha kumrekodia sentensi.

"Mbona hunitumii tena?" Fundi aliandika kwenye simu.

"Nimechoka na sentensi, mpenzi. Tuongee tu."

"Una mwingine?"

"Sina. Wallahi sina."

"Basi nirekodie. Bila zile nasikia vibaya."

Hakujibu. Alikuja mchana wa kesho yake, akamkumbatia kwa nguvu mno, kama mtu anayeaga, na Fundi akabaki na wasiwasi wake uleule. Ili autulize, mwezi wa nane Kofia alipiga magoti katikati ya vipande vya vitambaa, akamtolea pete yenye jiwe la kijani, akamwomba waoane, utafiti ukiisha mwezi wa kumi na mbili ili sheria isiwabane. Fundi alisema ndiyo kabla hajamaliza. Mama alipiga vigelegele ambavyo binti yake aliviona usoni tu.

Ila kazi ilikuwa inamwendea mrama. Bibi harusi mmoja alikuja kujaribu gauni lake la lesi, akalivua na kumpa Fundi, na akiwa bado nyuma ya pazia akasema kwa sauti, "Mikono usikate!" Fundi alisikia "kata". Alichukua mkasi, akakata mikono yote miwili hadi kwenye viwiko. Bibi harusi alipotoka na kuiona ile mikono mezani, alikaa chini akalia kama amefiwa.

Mama alimsindikiza mteja, akarudi, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, si wamesema unasikia themanini na sita?"

Fundi aliinama kuokota vipande vya lesi. Alidhani kosa ni lake, kwamba ni mvivu wa mazoezi, na kwamba Mungu anamlipa kwa zile alama za wizi. Kwa sababu alijua ameziiba. Tangu sentensi ya kwanza alijua. Hakumwambia mtu.

Mwezi wa kumi na moja Profesa alimwita ofisini. Kulikuwa na mkutano mkubwa wa madaktari, na alitaka Fundi asimame jukwaani.

"Wewe ndiye matokeo yetu bora," alisema, akikumbuka kumwelekezea uso. "Tatizo ni picha yako ya mwezi wa sita. Siwezi kuionyesha. Kofia aliniambia nywele ziliiharibu. Safari hii tutakunyoa kidogo pembeni, utakubali?"

"Nywele?"

"Zilizuia mwanga."

Fundi alitoka ofisini. Alikumbuka mkia wa kitana, kila kitundu, kila kijitaa cha moto kwenye ngozi yake.

Jumapili mchana alikwenda nyumbani kwa Kofia. Alimkuta kifua wazi anafua, povu hadi viwikoni.

"Karibu, kipenzi. Mbona hukusema unakuja?"

"Mwezi wa sita nywele zangu zilikuwaje?"

Kofia aliacha shati ndani ya beseni.

"Ulizitenganisha wewe mwenyewe," Fundi alisema. "Zilizuia nini?"

"Hazikuzuia kitu."

"Nitazame nikuone ukisema."

"Hazikuzuia kitu. Picha ilikuwa safi. Nilidanganya." Akaeleza yote akiwa amesimama, maji yakimchuruzika, mafua yale, droo ile, orodha ya saba na ya nane. "Sikukusudia. Naapa nilidhani hazitumiki tena."

"Nilizijua," Fundi alisema.

"Ulijua nini?"

"Zile sentensi. Ya kwanza tu nikazijua. Nilinyamaza kwa sababu mama alikuwa nyuma ya kioo. Na nilijua nikisema watakufukuza."

Ilionekana kama wataangukiana mikononi walie yaishe, kwa sababu kumbe kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake kwa mapenzi. Kofia alipiga hatua.

"Subiri," Fundi akasema. "Mimi nilidhani naiba alama. Basi, alama za karatasini. Wewe picha uliiona. Ilisema nini?"

Hakujibu.

"Ilisema nini?"

"Kwamba sauti haifiki."

"Na ingekuwaje kama ungesema?"

"Eksirei. Siku ileile."

"Miezi mitano," Fundi alisema. Aliivua pete yenye jiwe la kijani, hakuirusha, aliiweka juu ya kipande cha sabuni, akaondoka.

Jumatatu asubuhi Kofia alikwenda kwa Profesa kabla hajavua koti, akasema kila kitu. Profesa alimsikiliza bila kumkatiza.

"Ungeniambia siku ile ningekugombeza, na ungebaki na kazi," alisema. "Leo siwezi." Kisha akazungusha kamba ya miwani kidoleni. "Na mimi sina usafi. Picha ilikuwa mbele yangu. Nilikubali haraka kwa sababu zile alama nilizipenda."

Fundi alipelekwa eksirei mchana huo. Daktari wa upasuaji aliibandika picha kwenye kioo chenye taa na kuonyesha kwa kalamu. Waya ulikuwa umerudi nyuma. Zaidi ya nusu yake ilikuwa nje ya lile gamba la konokono, ikipeleka umeme pasipo na wa kuupokea. Na kule ndani ulikotakiwa kuwa, mahali palipopaswa kuwa peusi palikuwa na weupe wa mfupa.

"Mfupa umeingia," daktari alisema, na mama akamwandikia binti yake kwenye daftari. "Tutajaribu kuchimba, tuweke mfupi. Laiti mngekuja mwezi wa sita."

Hakujua amemchoma nani. Mama aliiandika nayo hiyo, neno kwa neno, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kumpunguzia mwanawe habari.

Walichimba kwa muda wa saa sita. Kati ya ncha ishirini na mbili za waya, tano ndizo zilizopata mahali. Walipouwasha, Fundi alisikia mlango ukigongwa, honi, sindano ya cherehani ikipiga chuma. Sauti ya mama yake aliisikia kama mtu anayekokota gunia sakafuni. Maneno hayakuwamo.

Kofia alipata kazi ya kutengeneza mitambo ya hospitali katika mji mwingine. Alimwandikia Fundi kila siku kwa miezi mitatu, na Fundi alisoma zote, hakujibu hata moja. Siku moja kabla ya kuhama alikuja dukani. Alikuwa amekonda, shati jipya lina alama za mikunjo ya paketi. Mama alimwona, akaingia nyuma ya pazia bila salamu, lakini hakwenda mbali.

Fundi alisimamisha cherehani. Alikuwa amekata nywele zote. Daktari alizinyoa upande mmoja, naye akamalizia.

"Zimekupendeza," Kofia alisema.

"Umesema zimenipendeza?"

"Ndiyo."

"Asante. Kaa."

Hakukaa. "Nimekuja kuomba msamaha kwa mdomo. Kwa maandishi nimeshaomba vya kutosha."

"Nimekusamehe zamani. Barua ya tatu au ya nne."

Uso wa Kofia ulifunguka, na Fundi akaumia kuuona. Bado aliupenda. Aliupenda vilevile, wala hakuwa na sababu ya kujidanganya.

"Basi twende pamoja," Kofia alisema kwa haraka. "Mama naye aje. Kuna nyumba, kuna chumba cha kushonea chenye dirisha kubwa. Mimi nitakuwa sikio lako, mpenzi. Nitakuambia kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

Fundi alinyoosha kitambaa kilichokuwa mezani, akakilaza kwa kiganja.

"Nitaishi kwenye ukimya maisha yangu yote," alisema. "Nimeanza kuuzoea. Lakini nikiwa na wewe, kila ukinyamaza nitajiuliza umeona nini hunambii. Ukitoka kwa daktari wa mtoto wetu, ukanyamaza. Ukipokea simu, ukanyamaza. Nataka mtu ambaye akinyamaza nisiogope."

"Nilikosea mara moja."

"Najua. Na sikuchukii. Ningekuchukia ingekuwa nafuu."

Kofia alimshika mkono, na Fundi akamwachia, wakakaa hivyo mpaka mteja akaja mlangoni na suruali begani, akawaona, akarudi nyuma. Ndipo Kofia akauachia. Alitembea hadi kizingitini. Pale alisimama akiangalia nje, mgongo kwao, na mabega yake yakatikisika kidogo. Alikuwa anasema kitu. Yalikuwa maneno marefu. Fundi alisikia mkokoto wa gunia, basi. Angeweza kumwita ageuke. Alikaza vidole kwenye ukingo wa meza, hakumwita.

Akaenda zake.

Mama alitoka nyuma ya pazia. Macho yake yalikuwa mekundu, na ile hasira aliyoilea miezi yote haikuwamo usoni. Alikuja mbele ya binti yake, akasimama mahali penye mwanga.

"Umesikia alichosema?"

"Hapana."

"Mimi nimesikia. Nikuambie?"

Fundi alikiweka kitambaa chini ya sindano ya cherehani.

"Hapana, mama," akasema, akamwashiria mteja aingie.